Mwaka Mama Alipokufa Mara ya Kwanza

Bi Rukia wa Barani amenipa pole ya kufiwa na mama mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, tulipomzika mama Kakuyuni, nayo nitaifikia. Mara ya kwanza mama alikuwa mzima wa afya, yuko sokoni Malindi anapanga mihogo yake mafungu mafungu juu ya gunia, hana habari kwamba ameshakufa na kwamba wanawake wa mtaa mzima wameshaanza kumlilia. Waliokuja matangani mwaka huu walistaajabu kuniona nacheka huku machozi yananitoka, na najua wapo waliosema uzee umeniingia vibaya. Nimeona niandike ili wajue nilikuwa nacheka nini. Na nikisema kweli, naandika pia kwa sababu mwaka ule najivunia kuliko miaka yangu mingine yote, na mtu akifika umri wangu ana haki ya kujivuna kidogo, mradi asizidishe chumvi.

Ya ukoo wetu sitayaeleza. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, naitwa Kache, na mama alikuwa na mteja wake mtaa wa Barani, Bi Zuhura, mke wa fundi cherehani. Kwa miaka mingi mama alimpelekea mihogo, ndizi na kuku, na urafiki wao ulikuwa wa kubishania bei na kutaniana mlangoni. Yule fundi, Mzee Abdalla, alipofariki, Bi Zuhura akaingia eda kama ilivyo kwa mjane wa Kiislamu: kukaa ndani mpaka muda utimie, bila mapambo wala manukato, bila kuonana wala kuzungumza na mwanamume asiye maharimu yake, hata shemeji. Hawakujaaliwa mtoto, na mjane wa eda ahitaji mtu wa kutuma dukani na wa kuitikia hodi. Akamwomba mama amwachie mimi, naye atanisomesha shule ya mjini. Mama alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele yangu kwa Kiswahili chake cha sokoni ili pasiwe na wa kusema hakusikia: "Nikiona hasomi, au nikiona hapa hapamfai, siku hiyo hiyo namchukua tukalime." Bi Zuhura akajibu kutoka chumbani, "Haya, tumekubaliana."

Ugumu ulikuwa kwamba kusoma sikujua. Nilijua herufi, nilijua kuziunga, lakini nilisoma kama mtu anayevuka tope, kila neno nautoa mguu nikautie katika jingine. Darasani zamu yangu ya kusoma kwa sauti ikifika, watoto wa mjini walikuwa wakianza kucheka kabla sijafungua kinywa, na mwalimu, ili kuokoa muda, alikuwa akiniruka. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri moyoni kwamba kusoma ni kazi ya wengine. Kila jioni nikilikumbuka sharti la mama nilijiona nimekwisha kurudi Kakuyuni, jembe begani, na sikutaka kurudi, kwa sababu nilikipenda chumba kile cha Bi Zuhura tangu siku ya kwanza.

Nakiona mpaka sasa. Kitanda cha samadari kimetandikwa shuka nyeupe, kando yake kasha la nguo, na pembeni cherehani ya marehemu imefunikwa kanga ya zamani. Mlangoni palikuwa na pazia zito la maua ambalo ndilo lililokuwa mpaka wa dunia yake: upande huu wanawake na mimi, upande ule sebule, mlango na wanaume. Dirisha la nondo za mbao liliangalia kichochoro, na chini yake nje palikuwa na baraza ya saruji. Hapo alikuja kukaa kila alasiri shemeji yake, Bwana Omari, ndugu wa marehemu, mzee mwenye bakora na kikohozi cha heshima, akisema anasubiri adhana. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mahamri na mbaazi. Mchana wali na mchuzi wa papa mkavu, ambao mimi niliuogopa kwanza kwa harufu yake na sasa siwezi kupitisha mwezi bila kuula. Nyumba ya eda haifukizwi udi wala haivishwi asumini, kwa hiyo ilinukia vyakula tu na sabuni, na kwangu harufu hiyo ndiyo harufu ya mwanzo wa kila jema lililonipata.

Siku moja alasiri Bi Zuhura aliniita, "Kache, ndoo hapa," akafungua kasha, akatoa kitabu kilichoshonewa nguo. Mzee Abdalla alikuwa amekinunua kitabu kile kwa wauza vitu vikuukuu, kimekwisha kung'oka jalada la mbele na kurasa za mwanzo, naye kwa kuwa ni fundi alikishonea joho la kitambaa kilichobaki kwenye kanzu ya mteja, na mshono wake wa mkono ukizunguka pembe zote. Mpaka leo sijui jina la kitabu wala la aliyekitunga. Katikati palikuwa na uzi mwekundu wa cherehani. Bi Zuhura alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, wala wasichana wa rika lake pale mtaani hawakufundishwa. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula mumewe alimsomea kidogo, akikataa kuongeza hata ukurasa mmoja, akisema uhondo haumezwi. Mauti yalimkuta uzi ukiwa pale ulipo.

"Nataka kujua yule mtoto wa kitabuni alifika au hakufika," aliniambia. "Wanaume siwezi kuwaita wanisomee. Wanawake wenzangu wote ni kama mimi. Nisomee wewe."

Nikamwambia kweli, kwamba sijui kusoma vizuri, kwamba hata mwalimu huniruka. Nilidhani atakirudisha kitabu kashani. Akapanga mito nyuma ya mgongo wake, akakunja miguu, akasema, "Basi soma vibaya. Na usome polepole, mwanangu. Mimi siendi popote." Nimekutana na watu wengi wenye elimu tangu wakati ule, na baadhi walijaribu kunifundisha mambo makubwa, lakini hakuna aliyenipa kitu kikubwa kama maneno yale. Mtu ambaye kweli haendi popote, ambaye dini yake na msiba wake vimemkalisha, hana haraka na neno lako. Nilisoma mstari wa kwanza mpaka jasho likanitoka. Nikausoma tena. Alipouelewa alitikisa kichwa na kusema, "Naam. Kisha?"

Nilitaka kuanza mwanzo wa kitabu, akakataa. Uzi ni uzi. Ya nyuma alinihadithia mwenyewe kwa mdomo, jikoni, akikuna nazi, nami napepeta mchele: kwamba katika mji ule kila mtoto azaliwapo hupewa ndege mdogo wa kumtunzia jina lake. Ndege akiwa na wewe, watu wanakujua. Ndege akiruka, watu wanaanza kukusahau, kwanza jirani, kisha ndugu, mwisho unajisahau mwenyewe, unakonda, unakufa. Ndege wa mama yake Kidawa aliruka. Kidawa, msichana wa rika langu, ndiye pekee aliyekuwa bado anamkumbuka mamake, akamwacha amelala na kufuata ndege yule nchi kwa nchi, na yeye mwenyewe ndiye asimuliaye kitabu chote: "Mimi Kidawa nilifanya hivi, mimi Kidawa niliona vile." Bi Zuhura aliyajua ya nyuma neno kwa neno, pamoja na sauti alizotia mumewe, na akifika pahali pa muuza ndege anayekutana na Kidawa njiani alikuwa akikunja uso kabisa. "Mwongo yule. Nilimwambia marehemu tangu alipoingia, huyu ni mwongo, akacheka tu." Hivi ndivyo tulivyokishiriki kitabu, nusu yake akinipa yeye na nusu yake nikimpa mimi.

Lilikuwako katazo moja. "Usinitangulie," aliniambia. "Marehemu hakunitangulia hata siku moja." Nami sikumtangulia, ingawa nilikuwa nikilala nawaza yule ndege yuko juu ya mti gani. Badala yake nilirudi nyuma: nilisoma tena yale ambayo tumekwisha kuyapita, jikoni nikingoja chungu, uani nikingoja nguo zikauke. Nikayasoma mpaka maneno yakaacha kunipiga vita. Siku moja darasani mwalimu aliniruka kama kawaida, nikasimama hata hivyo nikasoma, na wale watoto wakachelewa kucheka mpaka nikamaliza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bi Zuhura, akanitolea visheti alivyokuwa amewawekea wageni.

Ndipo tukafika ukurasa wa msiba. Ilikuwa alasiri, dirisha wazi kwa joto. Kidawa yuko nchi ya mbali, na msafiri anamletea habari. Nilisoma, na nilikuwa nimekwisha kufika mahali ambapo sisomi tena, nasema tu: "Mama yangu amefariki. Amefariki, nami niko mbali na kwetu. Nani alimwosha? Nani alimlilia, na watu wote wamemsahau?" Nikalia. Nililia kwa sauti, kwikwi, kama mtoto aliyefiwa, na kupitia kwikwi nikaendelea kusoma kwa sababu Bi Zuhura naye alikuwa analia na alinipungia mkono nisisite. Tulipofika mwisho wa sura aliondoka kwenda kutawadha. Mimi nikaenda jikoni, macho mekundu, kuchochea moto.

Bi Rukia alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, wakati ule mwanamke kijana, mwepesi wa huruma na mwepesi wa miguu. Aliingia kwa mlango wa uani, leso kichwani, akanikumbatia bila hata kupiga hodi. "Pole, mwanangu. Pole sana. Nimesikia." Nami nikadhani amesikia kisa dirishani na amemhurumia Kidawa kama tulivyomhurumia sisi. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Nikasema ahsante.

"Habari imekuja lini?"

"Leo hii."

"Maskini. Alikuwa akiumwa nini?"

"Ndege wake aliruka," nikamwambia.

Baadaye aliniambia kwamba alidhani ndivyo sisi Wagiriama tunavyosema mtu akikata roho, na kwamba aliuona msemo mzuri sana. Akanipangusa uso kwa ncha ya leso, akaniambia nimwachie Mola, na akatoka. Wala hakumuuliza Bi Zuhura, kwa sababu alikuwa kwenye sala, na kwa sababu mwenye eda habebeshwi msiba juu ya msiba.

Asubuhi yake, ikiwa siku isiyo ya shule, nilifungua mlango nikakuta wanawake kichochoro kizima. Walikuja na mabuibui yao, mmoja ana mchele kwenye kikapu, mwingine sukari, mwingine majani ya chai, mwingine leso mpya ya kunifunika mimi mfiwa. Waliingia uani wakatandika mikeka. Walinikalisha katikati. Kila aliyeingia alinishika mkono akasema, "Mola akupe subira," na mimi, ambaye nilikuwa nimelelewa kuitikia wakubwa, niliitikia. Nilidhani mtaa mzima umekipenda kitabu. Hata nilijisikia fahari. Kwa kweli ni Bi Zuhura aliyegundua, alipochungulia kwenye pazia la uani na kumwuliza mmoja wao kafiwa nani, akaambiwa, "Mbona waulizia, si mamake huyu mtoto wako?" Nilimsikia akisema, taratibu kabisa, "La haula." Kisha akaniita ndani na kunieleza.

Kabla hatujajua la kufanya, bakora ya Bwana Omari ikagonga mlango wa sebule. Naye alikuwa ameshayapata mambo yote mtaani, na ameshafahamu, maana alasiri ile alikuwa barazani chini ya dirisha. Kwa ajili ya eda hakuweza kusema na shemeji yake, wala Bi Zuhura kusema naye. Mwenye kusema baina yao ni mimi. Nikasimama penye pazia, mguu mmoja huku na mmoja kule.

"Mwambie shemeji," akasema, "nyumba hii ina eda. Watu wanatazamia kusikia Kurani humu, si ngano za ndege. Leo mtaa mzima umekuja kumlilia mtu ambaye hata hajazaliwa."

Nikaingia, nikamfikishia. Alikuwa amesikia kila neno, pazia si ukuta, lakini adabu ilimtaka asubiri nimfikishie. "Mwambie, Kurani naisoma, naye ajua. Na kitabu ni cha ndugu yake. Ndiye aliyekianza."

Nikatoka, nikamfikishia. Bwana Omari alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wenziwe. "Mwambie, sina ugomvi na kitabu. Mtoto huyu ndiye arudi kwao. Mimi nitamletea mwingine, wa hapa hapa mjini, asiyeleta vilio."

Mimi nilikuwa tarishi, na ujumbe ulikuwa kunifukuza mimi. Ningaliweza kuupunguza. Lakini sikupunguza neno. Niliinua pazia nikausema wote kama nilivyopewa, mpaka lile la vilio, nikiyatazama mafundo ya mkeka. Na hilo nalo najivunia. Bi Zuhura alikuwa ameanza kusema, "Mwambie," wakati uani paliponyamaza ghafla, kimya cha watu wengi.

Nilipotoka nikamkuta mama amesimama mlangoni mwa uani, kapu la mihogo bado kichwani. Wauzaji wenzake walipata habari sokoni alfajiri na wakamjia mbio kumpa pole ya kujifia. Alitembea kutoka sokoni mpaka Barani na kapu lake. Aliwatazama wale wanawake, mchele, sukari, birika la chai, akasema, "Nimesikia nimekufa. Nimekuja kuona mwanizika wapi."

Bi Rukia, aliyekuwa akigawa vikombe, alikaa chini na birika lake. "Mama Kache," akasema, "nisamehe. Nilimsikia mtoto kwa masikio yangu haya. Yuwalia, asema mamake kafa."

Mama akanigeukia. "Ulisema?"

"Nilisoma," nikamwambia.

"Ulisoma." Akalirudia neno lile kama anayeonja chumvi ya mboga. Mama hakuwa amepata kunisikia nikisoma chochote kupita ukurasa wa kwanza wa kitabu cha darasani, na hata huo kwa kuvuta. Bwana Omari alisema kutoka sebuleni, kwa upole, kumradhi mama, haya yametokea kwa bahati mbaya, lakini itakuwa heri ukimchukua mtoto wako. Nami nikajua kwamba yamekwisha. Mama alikuwa na sharti lake, na mbele yake palikuwa na sababu kubwa kuliko aliyoiweka, maana kwetu kumtaja mzima kuwa ni maiti si mzaha, na wapo wanawake wa Kakuyuni ambao wangalinishika mkono pale pale mpaka kwa mganga tukatakaswe sote wawili. Mama alitua kapu. Akavua viatu, akaja akaketi juu ya mkeka katikati ya waliokuja kumlilia, akanyoosha miguu yake yenye vumbi.

"Kilete," akasema. "Soma, nisikie nilivyokufa."

Nikasoma. Nilianza na sauti inatetemeka, kisha nikakumbuka Bi Zuhura yuko nyuma ya pazia na haendi popote, nikatulia. Nilisoma sura nzima, msafiri na habari yake, Kidawa na kilio chake, na nilipofika penye "nani alimlilia" wanawake wale waliokuwa wamekuja kulia wakalia, safari hii kwa kumlilia aliyekufa hasa. Hakuna aliyecheka. Mama hakulia. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza bei ya mteja, kichwa upande, asipitwe na kitu, na nilipofunga kitabu mkono wake ulikuwa shavuni.

"Na huyo ndege," akauliza, "alimpata?"

"Sijui. Hatujafika."

Mama akainua sauti ifike sebuleni. "Mzee wangu, umesikia. Hawajafika. Mtoto abaki."

Kisha Bwana Omari akaniita penye pazia. "Mwambie shemeji," akasema, "basi akisomewa, dirisha lifungwe." Nikaingia nikafikisha. Bi Zuhura alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya shuka, na chini ya machozi nilimwona anacheka. "Mwambie, likifungwa, yeye atasikia vipi hapo barazani?" Nikatoka nikamwambia hayo kwa heshima zote nilizokuwa nazo. Alikohoa kwa muda mrefu kidogo, akachukua bakora yake, akaondoka, na alasiri alikuwa pale pale chini ya dirisha akisubiri adhana.

Mchele ule hakuna aliyekubali kuurudisha nyumbani kwake. Ulipikwa kwa nazi, mihogo ya mama ikapikwa, na mama akala chakula cha matanga yake mwenyewe na kuongezewa. Kabla hajaondoka aliingia chumbani kumuaga rafiki yake, nami nilikuwa nyuma yake, ndipo Bi Zuhura akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Ulikuja hapa husomi. Jana umesoma, na leo mtaa mzima umevaa mabuibui." Mama alipokuwa akijitwisha kapu tupu nilimwona anatabasamu peke yake. Na Kakuyuni, kwa miaka yote iliyofuata, mtu akijivunia mwanawe mbele yake, alikuwa akingoja amalize, kisha anasema, "Mimi wangu alinisoma nikafa."

Kidawa alimpata ndege. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa bila jina, lakini alimrudisha ndege mjini akamweka juu ya kaburi, na watu wakaanza kukumbuka mmoja mmoja, wa kwanza kabisa akiwa jirani. Tulikimaliza uzi ukiwa umefika jalada la nyuma. Muda wa eda ulipotimia, Bi Zuhura alioga, akavaa nguo mpya, nyumba ikafukizwa udi kwa mara ya kwanza tangu niingie, na ndugu zake wa Mambrui wakatarajia kwamba atakwenda kwao kwanza. Alinishika mkono tukaenda kwa wauza vitu vikuukuu. Alisimama mbele ya meza ya vitabu asivyoweza kuvisoma, akavifungua kimoja kimoja, akinipa nisome mstari wa kwanza, na akikataa vile ambavyo mstari wa kwanza haukumtia hamu. Nimefuata kanuni hiyo mpaka leo na haijanidanganya sana.

Sikuwa mwalimu wala mwandishi. Nilifanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli Watamu mpaka nilipostaafu, na sioni haya hata kidogo. Wageni walikuwa wakiondoka wanaacha vitabu chini ya mito na pembeni mwa bafu, na mkubwa wetu alituambia tuvitupe. Mimi nilivichukua. Vya Kiingereza nilivisoma kwa taabu, kisha kwa raha. Vingi vilikuwa vya Kiitaliano, nami nikajifunza Kiitaliano kwa kuvisoma vibaya na polepole, kama nilivyofundishwa, mpaka siku mgeni mmoja aliponiuliza nafuta vumbi gani siku nzima juu ya kitabu chake, nikamwambia kwa lugha yake kwamba ningependa asiondoke kabla sijajua kama yule mjane anaolewa. Aliniachia kitabu. Nyumba yangu ya Dabaso ina rafu ukuta mzima, na fundi aliyenitengenezea aliniuliza kama ni za vyombo. Juu kabisa pamelala kile cha joho la kanzu, alichonipa Bi Zuhura siku nilipoolewa, na uzi wake mwekundu nimeurudisha pale ulipokuwa nilipokishika mara ya kwanza.

Mama amefariki akiwa mkongwe, amelala, hakuumwa sana. Macho yake yalipokwisha kuwa hafifu nilikuwa nikienda Kakuyuni kila wiki kumsomea, na alisikiliza chochote, hata vya Kiitaliano nikimgeuzia kwa Kigiriama, lakini kila baada ya muda alikuwa akisema, "Nisomee ile niliyokufa." Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa uwanjani, gari dogo lilisimama njiani na mjukuu akamteremsha Bi Rukia. Amekuwa mdogo sana, mgongo umepinda, na buibui lake linaburuzika. Nyuma yake walishusha mchele, sukari na leso mpya. Alikataa kiti. Alikuja taratibu mpaka nilipoketi, akanifunika ile leso, akanishika mikono yote miwili, na akaniinamia sikioni.

"Mwanangu," akasema, "safari hii niliuliza kwanza."

Hapo ndipo nilipocheka, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mama afe, maana mpaka hapo nilikuwa nimeshughulika na sufuria na wageni. Bi Rukia aliketi juu ya mkeka kando yangu, akanyoosha miguu, akauliza kitabu kiko wapi. Kilikuwa mkobani mwangu, nilikuwa nimekibeba tangu Dabaso bila kujua nakibebea nini. Akanyamazisha watu kwa mkono, kama aliyekuwa na haki hiyo. Nikafungua nikatafuta ukurasa wa msiba, nikasoma polepole, "Mama yangu amefariki," na Bi Rukia akalia kama alivyolia mara ya kwanza, na safari hii hakukosea.